Bingwa wa Kuchagua Gundi

Enzi zile Daktari akiwa bado na kibanda chake mwenyewe, ukimpelekea gari lililopigwa jiwe kwenye kioo cha mbele, kioo ndicho kitu cha mwisho alichokiangalia. Kwanza alikukaribisha kwenye benchi. Akajifuta mikono ambayo haijashika chochote. Halafu akaanza kukusomesha gundi. Kuna gundi nyepesi kama maji, hiyo inapenya kwenye ufa mwembamba kama unywele. Kuna nzito kama asali, hiyo ni ya kuziba kishimo. Kuna ya katikati, ambayo yeye aliiita gundi ya watu wasiojua wanachotaka maishani. Kuna inayokauka haraka, kuna inayojivuta, kuna ya nchi za baridi na ya nchi za joto. Akifika hapo mwenye gari ameshapiga miayo mpaka machozi yanamtoka, na ule ufa ulioingia pale ukiwa na urefu wa ukucha umeshaanza safari ya kwenda upande wa abiria.

Hakuwa daktari wa kitu chochote. Jina alipewa na mafundi wenzake pale kwenye uwanja wa gereji, kwa sababu kioo chenye ufa alikiita mgonjwa na kazi yenyewe hufanywa kwa kitu kama bomba la sindano. Walimpa kwa kumcheka, yeye akalipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepandishwa cheo. Akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda, na herufi za mwisho zikakosa nafasi zikapinda kushuka pembeni. Asiyejua alidhani mle ndani wanachoma sindano za malaria.

Kabla ya hapo alikuwa mkata vioo vya madirisha kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kazi ya kueleweka, kioo, rula na kalamu ya kukatia. Siku moja akapita mahali akamwona jamaa anaziba ufa wa gari. Jamaa kafunga kidaraja cha chuma juu ya kioo, kinashikilia kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya kama ruba. Katikati kaweka bomba, anavuta hewa, anasukuma gundi, anavuta tena. Mwisho akawasha kitaa chenye mwanga wa zambarau, gundi ikaganda, akapitisha wembe, ufa haupo. Mtu mwingine angesema kazi hii nzuri. Daktari hakuiona kazi, aliona ile taa. Wiki hiyohiyo akaacha vioo vya madirisha, akanunua taa. Mambo mengine yangefuata yenyewe.

Na kweli yalifuata, ila kwa upande wa kununua tu. Kila akiziba ufa, ndani ya kioo hubaki kipovu kinakutazama kama jicho la samaki. Mwenye gari akilalamika, Daktari haoni haya, anakubaliana naye kabisa. Anasema hata yeye amekiona, na kosa ni la gundi, kiwandani siku hizi wanachakachua. Basi ananunua gundi nyingine. Ikishindikana na hiyo, kosa ni la daraja, linayumba. Ananunua daraja jingine. Kibanda kikajaa madaraja, ya vikombe viwili, ya vikombe vitatu, na moja lenye miguu mingi kama kaa, ambalo hakuna aliyewahi kuliona likisimama. Mikono yake mwenyewe haikuwahi kushtakiwa hata mara moja. Fundi wa bodi, jirani yake, mtu mnene mwenye nyundo na maneno, alizoea kumpigia kelele kutoka chini ya gari kwamba daktari anayebadilisha hospitali kila mgonjwa akifa, mwisho atahamia makaburini moja kwa moja.

Nyumbani mambo yalikuwa mepesi kuelewa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikila, ikivaa, ikisomesha, na ikilipia kibanda. Mwanamke mpole wa sauti, lakini ulimi wake una makali ya mkasi. Yeye hakumwita Daktari. Alimwita baba watoto, na siku akikasirika alimwita mgonjwa.

Sasa mwanamke huyu alikuwa na kaka. Na kaka mtu, kwa bahati mbaya ya Daktari, alikuwa na duka la vioo vipya vya magari. Yeye ufa kwake ulikuwa neema. Barabara mbovu ilikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, lori linalomwaga kokoto alilipungia mkono. Gari likija na kidoa cha ukubwa wa punje, anakunja uso, anatikisa kichwa, anasema toa hiki, weka kingine. Shida yake ilikuwa moja tu: hakujua kuongea. Akishasema toa hiki weka kingine, maneno yameisha, mteja akiuliza kwa nini, yeye anarudia palepale, kwa sauti kubwa zaidi. Wengi waliondoka.

Kila wakikutana kwenye shughuli za ukoo, shemeji huyu alikuwa na salamu yake.

"Vipi shemeji, bado unatibu maiti?"

Daktari alijibu kwamba afadhali anayetibu maiti kuliko anayeua wazima. Watu wanacheka, sahani zinaendelea. Lakini akirudi nyumbani halali vizuri, maana shemeji alishasema mbele ya mama mkwe kwamba pale dukani kuna nafasi ya mbeba vioo, na nafasi hiyo ina jina la mtu.

Ikafika siku mkewe akakata maneno. Kulikuwa na mama mmoja mwenye vani za kubeba watoto wa shule za chekechea, mteja wake wa siku nyingi. Sare za madereva wote alishona yeye. Vani moja ya yule mama ilipigwa jiwe kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, na ukaguzi wa magari ulikuwa unakaribia. Wakaguzi wakiona ufa mbele ya macho ya dereva, gari halitembei. Mke akamsemea mumewe. Yule mama akakubali kwa masharti: aje Jumamosi, azibe hiyo moja mbele ya macho yake. Akiridhika, vioo vya vani zote ni vyake mwaka mzima. Asiporidhika, atamwita yule muuza vioo vipya amalize.

"Yule muuza vioo vipya unamjua," mkewe akamwambia Daktari, mguu kwenye kanyagio la cherehani, macho kwenye pindo. "Ukiipata hii kazi, kibanda ni chako na mimi mdomo naufunga. Sitauliza umenunua nini wala kwa nini. Ukiikosa, Jumatatu unakwenda kwa kaka. Na begi nitakubebea mimi mwenyewe, usije ukapotea njia."

Daktari akasema hilo ni jambo dogo. Mkewe akamwomba kitu kimoja tu, aende kwanza akauone huo ufa. Vani ile kila asubuhi inapita mtaani kwao, inasimama palepale kwenye kona kupakia watoto, ni hatua chache tu. Daktari akasema ndiyo, akavaa viatu, akatoka, akapita ile kona vani ikiwa imesimama, akamnyooshea dereva mkono wa salamu, akaendelea moja kwa moja mpaka duka la vifaa.

Duka lile alikuwa nalo dada mmoja mwenye kucha ndefu za kupakwa, aliyekaa nyuma ya kaunta kwenye kiti kirefu kama hakimu. Alimjua Daktari. Alimwita mteja wa kusoma lebo, maana huyu bwana angeweza kusimama asubuhi nzima anasoma mgongo wa chupa iliyoandikwa lugha asiyoijua hata neno. Siku hiyo dada akamuuliza swali la kawaida ambalo kila fundi huulizwa: ufa wenyewe ukoje? Mrefu, wa nyota, au kishimo tu?

Daktari akasema ni ufa mzito.

"Umeuona?"

"Dada, mimi sichagui gundi kwa kuangalia ufa. Ufa mtu yeyote anaweza kuuona. Gundi ndiyo inataka mtu anayejua."

Dada akamtazama kidogo. Angeweza kumwambia kwamba hapo amesema upuuzi. Lakini yeye yuko pale kuuza, si kulea, na mwenye pupa hazibiwi mlango. Akapanda kingazi, akashusha chupa za rafu ya juu kabisa, zile zenye vumbi, ambazo mafundi wengine wakizitazama bei hushusha macho. Daktari akaanza ibada yake. Anafungua, ananusa. Anafunga, anaipindua chupa juu ya taa ya duka, anatazama kipovu kinavyopanda. Chupa moja kipovu kikaruka juu mara moja. Akaiweka kando, akasema hiyo haina adabu. Nyingine kikapanda polepole, kama mzee anapanda ngazi na kila ngazi anapumzika. Daktari akafumba macho kwa raha.

Akasema hiyo ndiyo yenyewe, ina heshima. Ilikuwa nzito kuliko zote. Kama ingekuwa ya kuziba mtungi, sawa.

Akaongeza na bomba jipya la chuma, zito kama spana, linalong'aa mpaka unajiona meno. Akachukua taa mpya pia, kubwa, yenye mpini. Alijaribu mpini mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto, akajitazama kwenye kioo cha kaunta akiwa ameishika. Dada akamfungia, na wakati anafunga akamkumbusha kwamba hizi gundi huwekwa kwenye chupa nyeusi kwa sababu mwanga wa jua nao huzigandisha, si taa peke yake, kwa hiyo awe mwangalifu. Daktari akacheka. Akamwambia alianza kazi hii kabla yeye hajaanza kufuga kucha. Akaondoka na mfuko wake, anatembea katikati ya njia.

Jumamosi ikafika. Watoto hawakuwa na shule, vani zimepangwa kwenye uwanja wa yule mama kama mikate kwenye trei, na katikati, juani, ile yenye ufa. Yule mama mwenye vani alikuwa mwanamke wa maneno machache, miwani iko kwenye ncha ya pua, amewekewa kiti cha plastiki chini ya mwavuli. Madereva hawakuwa na kazi, wote walikuwepo. Mke wa Daktari alikuja na furushi la sare mpya, akakaa kwenye ngazi ya ofisi, akawa anashonea vifungo. Na huko nyuma, nje ya geti, pikapu ikasimama. Shemeji. Kafunga kioo kipya kwa kamba na magodoro, akasema amepita tu, alikuwa na safari ya huko. Hakuna aliyemuuliza safari ya wapi na kioo.

Daktari alipomwona, badala ya kuogopa, kichwa kikamvimba. Leo atamwonyesha. Akatandika kitambaa cheupe juu ya boneti. Akapanga vifaa kimoja kimoja kwa urefu, kuanzia daraja mpaka wembe. Ufa uko mbele yake pale, kiasi cha kunyoosha mkono, hajautupia jicho hata la wizi. Akamwomba yule mama glasi ya maji, safi, nyeupe. Mama akadhani ana kiu. Ikaletwa glasi, akaifuta kwa leso, akamimina humo ile gundi yenye heshima, karibu yote, akainyanyua juani ili kila mtu aone.

Akawaambia watazame, haina hata kivuli, yaani ni kama unatazama hewa. Kweli ilikuwa nzuri. Hata shemeji alisogea. Daktari akaiweka glasi juu ya boneti, juani palepale, akaanza kusomesha. Akaeleza kwamba kioo cha mbele si kimoja, ni vioo viwili vimelaliana na katikati kuna ngozi ya plastiki, ndiyo maana kikipigwa hakimwagiki. Akaeleza jiwe likipiga linaacha hewa ndani, na hewa ndiyo adui. Madereva wakanyamaza kabisa. Huyu bwana, Mungu amsamehe, mdomo alipewa. Alipochoka na hewa akaingia kwenye gundi, akapita nchi za baridi na nchi za joto, akanyanyua bomba la chuma, akalizungusha likameremeta kwenye nyuso za watu. Akawasha taa mchana kweupe, mwanga wa zambarau ukawapaka madereva mikono. Mmoja akafunua mdomo akauliza kama hiyo gundi inaweza kuziba na jino. Daktari hakujua kwamba anataniwa, akamjibu kwa kirefu.

Muda wote huo jua lilikuwa linafanya kazi, kimya kimya, bila kujisifu.

Yule mama mwishowe akakohoa. Akasema amefurahi kusikia yote, sasa angependa kuona. Daktari akasema bila shaka, akachukua bomba, akalichovya kwenye glasi. Halikuzama. Likasimama juu, likagonga. Akabonyeza kidogo. Akabonyeza zaidi. Akainua glasi, akaiinamisha kidogo, akaiinamisha sana, akaipindua kabisa chini juu. Hakikudondoka kitu. Gundi imekaa mle ndani imetulia, safi, haina hata kivuli.

Yule dereva wa jino akanyoosha kidole, akaigonga kwa ukucha. Ikalia ti, ti. Basi uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Kuna aliyeshika tairi, kuna aliyekaa chini. Shemeji alicheka mpaka akajishikilia kwenye pikapu yake.

Daktari akasema jua la leo limezidi.

"Jua hili ndilo la kila siku, baba," yule mama akasema.

Hapo mkewe akainuka. Hakucheka. Akamsogelea mumewe karibu kabisa, wakawa kama wanaoteta, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwenye chupa imebaki kidogo, na kidogo inatosha. Waisukume vani kivulini. Na kwenye begi la vifaa, chini, ametia lile bomba lake la zamani, la plastiki. Aitie gundi humo, afanye kazi, anyamaze.

Daktari akaingiza mkono kwenye begi akalikuta. Bomba la kwanza kununua, limechubuka, shingo imefungwa uzi kwa sababu lilipasuka. Uzi alifunga mke, kwa mkono wake. Vidole vya Daktari vililijua. Vilijipanga juu yake vyenyewe. Kwa bomba hilo, siku za mwanzo kabisa, kabla hajawa na kitu cha kuchagua, alishawahi kuziba ufa wa teksi moja ukapotea usionekane, na mwenye teksi alizunguka gari lake akiutafuta. Hilo lilikuwa kweli, halikuwa la kutia chumvi. Kama angekuwa peke yake uwanjani pale na vani na kivuli, leo tungekuwa tunasimulia mambo mengine.

Lakini hakuwa peke yake.

"Shemeji," yule mtu wa pikapu akaita, "hilo ni bomba au filimbi? Tupulizie kidogo tucheze."

Uwanja ukaanguka tena. Na Daktari, ambaye alikuwa ameshaanza kuinama, akanyooka. Akalirudisha bomba begini taratibu, kama kitu ambacho si chake. Akamgeukia yule mama, akasema yeye hawezi kumfanyia mtu wa heshima kazi kwa kifaa kilichofungwa uzi. Afadhali asifanye. Mkewe alisimama pale akimtazama shavu. Halafu akarudi kwenye ngazi, akaketi, akachukua sindano yake, akaendelea na kifungo alichokuwa amefikia.

Yule mama akampungia shemeji mkono. Shusha kioo.

Shemeji hakungoja aambiwe mara mbili. Akaingiza waya pembeni ya kioo cha zamani, akamwambia Daktari ashike upande ule mwingine, na Daktari akashika, afanye nini. Wakavuta huku na huku, gundi ya pembezoni ikakatika, kioo kikatoka kizima, kikabaki mikononi mwake. Ndipo kwa mara ya kwanza ufa ukawa mbele ya pua yake, hana pa kugeuzia macho. Kidude kidogo kama punje ya mtama, na vijistari vitatu vimetoka kama alama ya mguu wa kifaranga. Tone moja la gundi nyepesi. Kazi ya mtu anayesubiri chai ipoe.

Yule mama naye alikuwa amesogea, miwani kaisukuma juu. Akainama akautazama ufa, akatazama kioo kipya, akatazama tena ufa. Akamuuliza shemeji kweli kadude kama haka kanafaa kumtolea kioo kizima? Hakazibiki?

Shemeji akasema toa hiki, weka kingine. Mama akauliza kwa nini. Shemeji akasema kwa sababu lazima utoe hiki, uweke kingine. Jasho likaanza kumtoka. Mama akaangalia geti, na shemeji akaliona lile tazamo, alishalijua, ndilo la wateja wanaoondoka. Akamgeukia Daktari kwa macho ya mtu anayezama.

Madereva nao wakanyamaza kumsikiliza Daktari. Na hapo yule bwana alikuwa na njia mbili tu. Aseme unazibika, maana yake ni yeye ndiye aliyeshindwa, mbele ya watu wote hawa, na mke, na shemeji. Au aseme jingine.

"Mama," akasema, na sauti ikamrudia, ileile ya benchi, "huu ukiuona hivi unaona ni mdogo. Lakini ufa una mizizi. Huu umeshaingia kwenye ngozi ya katikati. Ndiyo maana unaona nilisita. Gundi yoyote utakayoweka hapa, hata itoke wapi, ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Leo utakiona kizuri, keshokutwa dereva yuko barabarani na watoto wa watu, kioo kinamfungukia."

Mama akavua miwani. Mambo ya watoto wa watu yalimwingia. Akauliza hiyo mizizi inaonekanaje. Daktari akampa somo la mizizi, ambalo alikuwa analitunga huku analisema, na likatoka limenyooka kuliko yote aliyowahi kutoa kuhusu gundi. Alipomaliza, mama alisema basi azitazame na vani nyingine. Akazizunguka zote. Alikuwa anainama, anamulika na ile taa ya zambarau, ananyamaza, anapumua kwa huzuni. Takriban zote zilikuwa na mizizi, hata zile zilizokuwa na tope tu.

Shemeji alimfuata nyuma mdomo wazi. Miaka yote ile alikuwa anatafuta mbeba vioo.

Jumatatu Daktari akaenda kwa shemeji yake, na hakuna aliyembebea begi, maana shemeji mwenyewe alimfuata na pikapu. Kibanda kikafungwa. Pale dukani alipewa kiti cha kuzunguka na meza, na nyuma yake kabati la vioo ambamo madaraja yake yote na mabomba na chupa za gundi zimepangwa, na lile lenye miguu mingi limepewa rafu ya peke yake. Wateja wanaingia na vijidoa vyao, wanaona lile kabati, wanajua wamefika kwa mtu. Fundi wa bodi alipita siku moja kumcheka, akaondoka ameagiza kioo.

Na jambo la kushangaza, siku hizi amekuwa fundi kweli. Hana tena haja ya kununua kitu, basi macho yake yamepata nafasi. Akiinama kwenye kioo cha mtu, kwa tazamo moja anajua: huu gundi nyepesi, kivulini, bomba lolote, wembe, kwisha. Ule wa katikati, uachwe upate joto kidogo kwanza. Hakosei. Anachagua kimoyomoyo, sahihi kabisa, kila gari. Kisha anainuka, anatikisa kichwa, anamwambia mwenye gari habari za mizizi.

Nyumbani mkewe, ingawa ile ahadi haikumfunga tena, mdomo aliufunga. Ila jioni moja, Daktari amejinyoosha kwenye kochi, viatu vipya miguuni, na yeye yuko kwenye cherehani anashona mzigo mwingine wa yule mama wa vani, maana mwaka huo mama alitaka na makoti, swali likamtoka.

"Baba watoto. Ule ufa wa ile vani, siku ile. Ulikuwa unazibika?"

Daktari akatazama dari. Akaanza kusema kwamba inategemea, kuna gundi na gundi, kuna hali ya hewa.

"Nimekuuliza ulikuwa unazibika."

Akafungua mdomo, na uso wake ukawa ule wa mtu anayetaka kusema kweli, ambao mkewe alikuwa hajauona siku nyingi. Mwanamke akaliona hilo kabla halijatoka, akainua mkono wenye sindano haraka.

"Basi, basi, usiniambie," akasema. "Nikijua itanibidi nimwambie yule mama. Na haya makoti bado hajanilipa."

Akainamisha kichwa, akakanyaga cherehani kwa nguvu, ikajaza nyumba nzima kelele.